Tone moja kila sekunde 10: gharama halisi ya injini inayovuja baada ya ovahoo

Mililita moja ya oili ya injini hutoa matone yapatayo 20. Lori linalodondosha tone moja kila sekunde 10 hupoteza mililita 18 kwa saa. Likifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, humwaga lita 3.7. Lori linalodondosha tone kila sekunde hupoteza mara 10 ya kiasi hicho: lita 37. Magari haya mawili yakiegeshwa jirani pale Usinge, kila moja litaacha doa jeusi mchangani, na kila tajiri, yaani mwenye gari, atampigia fundi simu kwa maneno yale yale: injini imefanyiwa ovahoo juzi tu, na bado inavuja. Kihesabu, hata hivyo, magari haya hayaumwi ugonjwa mmoja. Matibabu yanayoliokoa moja ni hasara tupu kwa lingine.

Uchambuzi huu unatafuta mstari unaoyatenganisha: ni uvujaji wa kiasi gani unaostahili kushushiwa gia boksi ili kuifikia sili ya nyuma ya krenki, na kwa nini injini nyingi zinavuja tena hata baada ya kubadilishiwa sili mara mbili au tatu.

Kwa nini Usinge

Usinge imo wilayani Kaliua, mkoani Tabora, kwenye Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, ukanda huu ulikuwa njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Lori la tani 8 linalobeba tumbaku, mpunga au mbao leo linafanya kazi ya wapagazi 250. Likisimama, mzigo wa watu 250 umesimama.

Kuna jambo la pili. Vipuri vya uhakika na mashine za kuchonga krenki viko mjini, si kando ya barabara ya vumbi. Kosa ambalo Dar es Salaam lingerekebishwa kwa mwendo wa bodaboda hadi maduka ya vipuri ya Gerezani, hapa hugharimu siku. Ndiyo maana kwenye hesabu ya oili inayovuja, bei ya oili yenyewe mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote.

Ili tukokotoe, tuchukue bei za mfano. Hizi si bei za soko. Msomaji aweke za kwake, hesabu itabaki ile ile.

- Oili, lita moja: Sh10,000
- Fundi kushusha na kurudisha gia boksi: Sh150,000
- Sili ya nyuma ya krenki na gasketi: Sh80,000
- Siku moja ya gari kusimama, faida iliyopotea: Sh200,000
- Muda wa kazi: siku 2

Jumla ya kubadilisha sili ya nyuma mara moja ni Sh630,000. Kati ya hizo, Sh400,000 ni gari kusimama. Hiyo ni asilimia 63 ya gharama yote, na haionekani kwenye risiti yoyote.

Tone la polepole na tone la haraka

Lori la kwanza, la tone kila sekunde 10, hupoteza mililita 144 kwa siku ya kazi. Kwa bei yetu hiyo ni Sh1,440. Ili matengenezo ya Sh630,000 yajilipe kwa oili iliyookolewa, zinahitajika siku za kazi 438, yaani karibu mwaka mmoja na miezi mitano.

Lori la pili, la tone kila sekunde, hupoteza lita 1.44 kwa siku: Sh14,400. Matengenezo yale yale yanajilipa ndani ya siku za kazi 44.

Lakini kwa lori hili la pili, suala si fedha ya oili tu. Tuseme nafasi kati ya alama ya juu na ya chini kwenye dipstiki ni lita 3. Lori la kwanza litachukua siku 20 kushuka kutoka alama moja hadi nyingine, na dereva mwenye mazoea ya kupima asubuhi hatapatwa na mshangao. Lori la pili litamaliza nafasi hiyo kwa siku 2. Dereva akisahau kupima kwa siku chache, krenki itaanza kusagana na metali (beringi zake) bila oili ya kutosha. Taa nyekundu ya dashibodi haimwokoi, kwa sababu inapima presha ya oili, haipimi kiasi kilichobaki kwenye sampu. Inapowaka, pampu imeshaanza kuvuta hewa.

Sasa tuangalie sura inayowaumiza matajiri wengi: sili imebadilishwa mara tatu, na mara zote tatu uvujaji umerudi. Gharama ni Sh1,890,000. Fedha hiyo hununua lita 189 za oili. Kwa lori la tone kila sekunde 10, lita 189 ni matone ya siku za kazi 1,312, zaidi ya miaka minne. Tajiri aliyekuwa akipambana kuokoa oili ameshalipa bei ya miaka minne ya kuimwaga, na bado inavuja.

Hoja hapa si kwamba uvujaji uachwe. Kinachogharimu ni kufungua bila kupima.

Mambo matatu yanayoisukuma oili nje

Oili hupita kwenye uwazi mwembamba kwa kufuata sheria inayojulikana. Kiasi kinachopita hutegemea mambo matatu makubwa: presha inayosukuma, wepesi wa oili, na upana wa uwazi wenyewe. Presha ikiongezeka mara mbili, uvujaji huongezeka mara mbili. Oili ikiwa nyepesi mara mbili, uvujaji huongezeka mara mbili. Uwazi ukiongezeka mara mbili, uvujaji huongezeka mara nane, kwa sababu upana huhesabiwa mara tatu: 2 × 2 × 2.

Kutokana na hapo tunaweza kupima dawa zinazotumika mitaani.

Dawa ya kwanza ni kumimina oili nzito. Oili ya SAE 40 ikiwa na joto la nyuzi 100 huwa na uzito wa sentistoki 12.5 hadi 16.3, ya SAE 50 ni 16.3 hadi 21.9. Ukitoka 14.5 kwenda 19, uvujaji unapungua kwa karibu robo. Mililita 18 kwa saa zinakuwa 14. Tone halikwishi, limechelewa kidogo tu.

Dawa ya pili ni kupunguza uwazi. Ukitoka milimita 0.10 kwenda 0.05, uvujaji unabaki sehemu moja ya nane. Mililita 18 zinakuwa mililita 2 na kidogo. Shilingi inayotumika kwenye uwazi inafanya kazi ambayo shilingi ya oili nzito haitaifanya kamwe.

Sheria hiyo hiyo inaeleza kwa nini fundi na tajiri hugombana kila mmoja akiwa na ukweli wake. Oili ya kawaida ya 15W-40 ina sentistoki kama 110 ikiwa nyuzi 40, na kama 14.5 ikiwa nyuzi 100. Ikipata moto inakuwa nyepesi mara saba na nusu hivi. Uwazi unaotoa tone kila sekunde 10 barabarani hutoa tone moja kila sekunde 76 injini ikiwa vuguvugu. Fundi anawasha, anaacha injini iungurume bila mzigo dakika 10, anamulika tochi, anaona pakavu, analipwa. Gari likipanda na mzigo kuelekea Kaliua, oili inafika joto lake na doa linarudi. Hakuna aliyedanganya, ila jaribio lilifanyika kwenye joto lisilo sahihi.

Injini inayopumua

Kwenye injini iliyofanyiwa ovahoo, mtuhumiwa wa kwanza asiwe sili. Awe hewa.

Chukua injini ya Mitsubishi Fuso 6D16, inayofahamika sana kwa wenye malori. Ina silinda 6, kila moja kipenyo cha milimita 118 na safari ya pistoni milimita 115. Jumla ni sentimita za ujazo 7,545. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inavuta lita zipatazo 7,500 za hewa kila dakika. Sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni ya ringi na kushuka kwenye sampu. Tukichukua asilimia 1, hiyo ni lita 75 kwa dakika, na zote zinatakiwa kutoka kupitia breatha, njia ya kupumulia ya injini.

Ringi zikishindwa kukaa vizuri kwenye silinda mpya, kiasi hicho kinaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Sababu zinajulikana: silinda iliyochongwa lakini haikupigwa honi sawasawa, mwanya wa ringi uliopita kipimo, ambao kwa silinda ya ukubwa huu huwa kati ya milimita 0.3 na 0.5 hivi, au injini mpya kuachwa ikiunguruma bila mzigo kwa saa nyingi "ili izoee". Ringi huzoea silinda kwa kusukumwa na mzigo wa wastani. Injini isiyopewa mzigo hung'arisha kuta za silinda, na ringi hazipati pa kushika.

Wakati mwingine ringi ni nzima, tatizo ni mpira wa breatha. Kiangazi, vumbi la Tabora likikutana na mvuke wa oili hugeuka tope. Mpira wa kipenyo cha milimita 20 ukiziba hadi kubaki na 10, nafasi ya kupita inabaki robo, na upinzani unaongezeka zaidi ya mara 16. Gesi isiyopata mlango hutafuta sili.

Presha hiyo inaonekana ndogo, lakini inafanya kazi juu ya eneo kubwa. Sampu yenye urefu wa sentimita 80 na upana wa 30 ikipata kilopaskali 1 tu inasukumwa chini kwa nguvu ya kilo 24. Kilopaskali 3 ni kilo 73, mtu mzima akining'inia kwenye gasketi ya sampu muda wote injini inapowaka.

Kifaa cha kuipima hakihitaji kuagizwa. Ni mpira mwembamba unaoonyesha maji, mita 2 zinatosha. Ukunje uwe kama herufi U, utie maji nusu, ncha moja iingie kwenye bomba la dipstiki bila kupitisha hewa, nyingine ibaki wazi. Injini ikiwa imepata moto na inazungushwa kwa nguvu, soma tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili. Kila sentimita 10 ni kilopaskali 1. Kikomo kamili kimo kwenye kitabu cha injini husika, lakini maji yakitofautiana kwa sentimita 20 au 30 wakati breatha ni safi, usinunue sili. Sili mpya itavuja kama ya zamani, na kazi ya kweli iko kwenye ringi.

Mfereji kwenye krenki

Hewa ikiwa haina kosa, fuata uwazi. Mahali panapodanganya kuliko pote ni nyuma ya krenki.

Krenki inayozunguka mara 2,000 kwa dakika kwa saa 8 imezunguka mara 960,000. Ni karibu milioni moja kila siku, na mdomo wa sili umegusa chuma mahali pale pale mara zote hizo, pamoja na chembe za vumbi. Baada ya miaka, chuma huchimbika na kubaki mfereji. Wakati wa ovahoo krenki hupelekwa kuchongwa sehemu za metali, kwa saizi za milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Sehemu ya sili mara nyingi haiguswi. Sili mpya, ngumu na nzuri, inafungwa juu ya mfereji wa zamani.

Kipimo cha mwanzo ni ukucha. Ukiupitisha juu ya chuma na ukakwama, sili peke yake haitatosha. Njia ni mbili. Moja ni kuisogeza sili mbele au nyuma kwa milimita 1 au 2, ikiwa nyumba yake inaruhusu, ili mdomo uguse chuma kisichochimbika. Nyingine ni kuvisha krenki kola nyembamba ya chuma cha pua, yenye unene wa milimita 0.28 hivi, inayofunika mfereji. Tukiipa kola hiyo bei ya mfano ya Sh120,000, kazi nzima inakuwa Sh750,000. Ukilinganisha na kubadilisha sili tupu mara tatu, imeokoa Sh1,140,000.

Uwazi mwingine uko ndani zaidi, kwenye metali. Uwazi wa milimita 0.05 ukiwa 0.10, kwa sheria ile ile, oili inayomwagika pembeni ya metali ni mara nane. Mvua hiyo hupiga moja kwa moja upande wa sili, na krenki yenyewe hucheza na kuipanua. Kwa hiyo tajiri anayedai ovahoo ya bei rahisi, metali zikabanwa bila kupimwa, amenunua uvujaji wa nyuma siku ile ile.

Gasketi na silikoni hazihitaji maelezo marefu. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo kiangazi huchukua muda mrefu zaidi. Haishiki chuma chenye oili. Na inayozidi huminywa ndani, huanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Kuongeza tyubu ya pili ya silikoni juu ya ile ya kwanza ni kuongeza hatari, si kuziba. Boliti za tapeti kava zikikazwa kupita kiasi, bati hupinda na kufungua uwazi katikati ya boliti mbili.

Inamwaga au inakula?

Kabla ya kulaumu uvujaji, ondoa oili inayoungua. Injini nzima ya dizeli hula oili kiasi cha asilimia 0.2 hadi 0.5 ya mafuta inayoyachoma. Lori linalotumia lita 30 kwa kilomita 100 litachoma lita 300 kwa kilomita 1,000, na kwa kanuni hiyo linaweza kula kati ya lita 0.6 na 1.5 za oili bila ugonjwa wowote.

Dereva anayeongeza lita 1.5 kila kilomita 1,000 huku chini kuna matone machache hana haja ya kushusha gia boksi. Anayeongeza lita 6 kwa umbali huo ana tatizo, na moshi ndio utakaosema kama oili inatokea chini au inapitia ekzosi. Daftari la dereva lina thamani hapa kuliko kadibodi iliyowekwa chini ya gari usiku. Matone mengi huondoka na upepo gari likitembea, na kadibodi huona yale ya injini inayopoa tu. Pima asubuhi, mahali tambarare pale pale, andika lita ulizoongeza na kilomita ulizotembea.

Hesabu zisizongoja

Yapo matone ambayo hesabu ya siku 438 haiyahusu. Oili inayodondokea ekzosi au turbo inaweza kuwasha moto, kwani bomba la ekzosi karibu na turbo hupita nyuzi 400 gari likipanda na mzigo. Hapo gari halitoki hadi uvujaji uzibwe. Oili ya sili ya nyuma ikifika kwenye sahani ya klachi, klachi huanza kuteleza, na bei ya klachi inaingia kwenye hesabu.

Mazingira nayo yana hesabu yake. Magharibi ya Usinge kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, hekta milioni 3.25, eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Lita moja ya oili ikitandazwa juu ya maji kwa unene wa elfu moja ya milimita hufunika mita za mraba 1,000. Lita 37 za lori la tone kila sekunde zinatosha kufunika viwanja vitano vya mpira kila mwezi.

Mpangilio wa kutumia fedha

Vipimo vya awali ni rahisi kuliko kipuri chochote, na vifanyike kwa mpangilio huu.

1. Osha injini yote kwa sabuni, iache ikauke, ipake poda, kisha tembea kilomita 20 na mzigo. Oili hushuka na kurudi nyuma kwa upepo, kwa hiyo chanzo ni mahali palipolowa juu kabisa na mbele kabisa, si pale inapodondokea.
2. Fungua breatha, isafishe kwa dizeli, tembea tena umbali ule ule. Uvujaji ukipungua, umeshapata jibu.
3. Funga mpira wa maji, soma tofauti ya kimo, injini ikiwa ya moto.
4. Ndipo ushushe gia boksi, na ukucha upite kwenye krenki kabla sili mpya haijatolewa kwenye boksi lake.

Tuseme vipimo vitatu vya kwanza vinagharimu Sh50,000 pamoja na nusu siku ya kusimama, Sh100,000. Jumla Sh150,000. Kushusha gia boksi bure ni Sh630,000. Vipimo vikizuia ushushaji mmoja wa bure kati ya minne, vimeshajilipa.

Mstari tuliokuwa tukiutafuta basi ni huu. Injini inayopoteza chini ya mililita 150 kwa siku, pasipo tone kufika kwenye klachi au ekzosi, iongezewe oili, iandikwe kwenye daftari, na ingoje siku ambayo gia boksi litashushwa kwa sababu nyingine. Inayozidi lita moja kwa siku isimame leo. Kati ya hapo, vipimo vya Sh150,000 ndivyo viamue, si hasira ya tajiri wala uhakika wa fundi.

Mwenye gari anayepokea injini kutoka ovahoo ana haki ya kudai namba nne kabla ya kulipa salio: uwazi wa metali, mwanya wa ringi, hali ya krenki pale sili inapokaa, na kimo cha maji kwenye mpira baada ya injini kupata moto. Fundi aliyezipima atazitaja bila kusita, na kazi yake italindwa nazo siku doa likionekana. Asiyekuwa nazo amefunga injini kwa kukisia, na gharama ya kukisia huko italipwa na tajiri, Sh630,000 kila mara.